Shajara ya mradi: kurekebisha vipimo vya setilaiti vya mawingu ya kusini mwa Ziwa Victoria, Machi hadi Septemba 2025

Machi, wiki ya kwanza

Shajara hii ni kumbukumbu ya kazi ya kikundi chetu kidogo hapa Mwanza, ambacho kimejipa jukumu la kupunguza makosa katika vipimo vya mawingu vinavyotokana na setilaiti, kwa eneo linaloanzia Ghuba ya Mwanza hadi Ghuba ya Speke na visiwa vya Ukerewe. Vipimo tunavyovishughulikia ni vile ambavyo mtabiri wa hali ya hewa hawezi kufanya kazi bila hivyo: eneo lililofunikwa na wingu, kimo cha kilele chake, iwapo ni la matone ya maji au la chembe za barafu, unene wake wa optiki, yaani kipimo cha jinsi linavyozuia mwanga, ukubwa wa matone yake, na jumla ya maji yaliyomo.

Sababu ya kuchagua eneo hili haihitaji maelezo mengi kwa mtu anayeishi ufukweni. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na usiku upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote, hukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na kuisukuma hewa juu. Mawingu ya radi huzaliwa hapo katika saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini mbali na nchi kavu. Mchana hali hugeuka: upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mvua nyingi hunyesha juu ya vilima vya pembeni. Kwa hiyo, tofauti ya kilomita chache kati ya wingu lilipo na linapoonyeshwa kuwepo ni tofauti kati ya onyo linalomfikia mtu anayelihitaji na onyo linalokwenda kwa mwingine.

Kwa kawaida kazi ya aina hii huanza na ukubwa wa matone na unene wa optiki, kwa kuwa hapo ndipo penye fizikia inayovutia. Sisi tumeamua kuanza na mahali, kisha kimo, kisha kingo, na matone yafuate. Msimamo wetu ni kwamba makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya matone huwa yameingia mapema zaidi, pale pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ya ziwa ilipochukuliwa kuwa ya nchi kavu, au pikseli iliyojaa nusu ilipochukuliwa kuwa imejaa yote.

Machi, wiki ya pili

Tumekamilisha hesabu za paralaksi, yaani kuhama kwa wingu kwenye ramani kwa sababu setilaiti hulitazama kwa mshazari, kwa setilaiti mbili tunazozitegemea. Ya kwanza ni Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, ambayo iko juu ya ikweta kwenye longitudo 0 na hupiga picha ya dunia nzima inayoonekana kutoka hapo kila baada ya dakika 10 kwa chaneli 16, kila moja ikipima mwanga au mionzi ya urefu wake wa wimbi. Ya pili ni Meteosat-9, ya kizazi kilichotangulia, iliyo kwenye longitudo 45.5 mashariki kwa ajili ya Bahari ya Hindi, ambayo hupiga picha kila baada ya dakika 15 kwa chaneli 12. Mwanza iko karibu na longitudo 33 mashariki, kwa hiyo setilaiti ya kwanza inatutazama kutoka magharibi na ya pili kutoka mashariki.

Jiometri yake ni hii. Kwa Meteosat-12, mstari wa kutazama unapofika Mwanza huwa umelala kwa digrii 38 kutoka wima. Kila kilomita moja ya kimo cha wingu inalisogeza wingu hilo kwenye ramani kwa kilomita 0.79 kuelekea mashariki. Kilele cha wingu la radi chenye kimo cha kilomita 12 kinachorwa kilomita 9.5 mashariki ya mahali pake, na hivyo wingu lililosimama juu ya maji ya ghuba linaonekana juu ya nchi kavu, kuelekea Igoma. Kwa Meteosat-9 mshazari ni wa digrii 15 tu, na wingu hilohilo linasogezwa kilomita 3.2 kuelekea magharibi.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa kero ya kusahihishwa. Kwetu ni kipimo tulichopewa bure, kwa sababu setilaiti mbili zinazosogeza wingu moja kwa pande zinazopingana zinatuambia kimo chake bila kutuuliza chochote kuhusu halijoto yake. Umbali kati ya picha hizo mbili, ukigawanywa kwa 1.06, ndio kimo cha kilele juu ya usawa wa bahari. Wingu la kilomita 12 linatengana kwa karibu kilomita 12.7, umbali ambao hata pikseli za kilomita tatu za Meteosat-9 zinaweza kuuonyesha.

Kuna jambo dogo ambalo halipaswi kuachwa. Picha hizi hutandazwa juu ya umbo la dunia lililonyooshwa kwenye usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa huo. Maana yake ni kwamba hata ufuko wenyewe, bila wingu lolote, unasogea karibu kilomita 0.9 mashariki kwenye picha ya Meteosat-12. Kwa setilaiti za zamani kiasi hicho kilipotea ndani ya pikseli moja. Kwa chaneli mpya za kilomita moja na za nusu kilomita, kinatosha kuigeuza pikseli ya maji kuwa ya mchanga. Ramani yetu ya kutenganisha maji na nchi kavu imesogezwa ipasavyo kwa kila setilaiti.

Machi, wiki ya nne

Wiki hii imekwenda kwenye suala la muda. Saa iliyoandikwa kwenye jina la faili si saa ambayo Mwanza ilipigwa picha. Kifaa cha Meteosat-9 huanza kupekua kutoka kusini na huchukua kama dakika 12 kumaliza, kwa hiyo eneo la ikweta hufikiwa takriban dakika sita baada ya kuanza. Meteosat-12 nayo ina ratiba yake ya mistari, ambayo imehifadhiwa ndani ya data zake. Wingu linalosafiri kwa mita 10 kwa sekunde kuelekea magharibi husogea kilomita tatu katika dakika tano, na kilomita tatu hizo zikidhaniwa kuwa paralaksi, kimo kinakosewa kwa karibu kilomita 2.8. Kosa la ukubwa huo linaharibu kazi yote ya wiki iliyotangulia.

Njia tuliyoichagua ni kuchukua picha tatu mfululizo za Meteosat-12, kupata mwendo wa kila kipande cha wingu, kisha kukisogeza kipande hicho hadi kwenye dakika halisi ambayo Meteosat-9 ilipita juu yake. Baada ya hapo ndipo vipande viwili hulinganishwa. Njia hii inafanya kazi vizuri pale ambapo kilele cha wingu kina mabonde na vinundu vinavyotambulika. Pale ambapo wingu la radi limeshatandaza kichwa chake cha barafu na uso wake kuwa laini, ulinganishaji hupoteza uhakika, na sehemu hizo tunaziwekea alama ili zisitumike zikiwa peke yake.

Aprili, wiki ya pili

Masika yameshika, na sasa kuna mawingu ya kutosha ya kufanyia majaribio. Tumeanza kulinganisha kimo kinachotokana na setilaiti mbili na kile kinachotokana na halijoto, ambacho ndicho hutumika kwa kawaida duniani. Utaratibu wa kawaida ni huu: chaneli ya infraredi ya karibu na maikromita 10.5 hupima halijoto ya kilele, kisha halijoto hiyo hutafutwa kwenye jedwali la hewa ya siku hiyo ili kujua inapatikana kwenye kimo gani. Jedwali hilo tunalichukua kutoka ERA5, hifadhidata ya hali ya hewa ya dunia nzima, ambayo hutolewa kwa kila saa katika miraba ya robo digrii. Mahali ambapo hewa inapoa kwa digrii 6.5 kwa kila kilomita, kosa la digrii moja ni sawa na mita 150 hivi, jambo ambalo linavumilika.

Tatizo kubwa liko kwingine. Mawingu membamba ya sirasi, ambayo ni ya barafu na hukaa juu sana, hayazuii mionzi yote inayotoka chini yake, kwa hiyo kifaa hupokea ubaridi wa barafu ukiwa umechanganyika na joto la ziwa, na jedwali hulishusha wingu hilo kilomita kadhaa chini ya mahali pake. Hapa ndipo njia ya setilaiti mbili inapoonyesha thamani yake, kwa kuwa umbali wa kutengana haubadiliki kwa sababu wingu ni jembamba, mradi tu umbo lake lionekane. Pale ambapo umbo halionekani, tunaitegemea chaneli ya maikromita 13.3, ambayo hewa ukaa huifumba kutoka chini na kuacha sehemu za juu zionekane zaidi.

Kuna pia hali iliyo kinyume chake. Mikondo mikali ya kupanda huvuka tropopozi, mpaka wa juu ambapo hewa huacha kupoa kadiri unavyopanda, ambao kwa ukanda wetu uko karibu kilomita 16 hadi 17, na kilele kilichovuka huendelea kupoa huku hewa inayokizunguka ikianza kuwa na joto zaidi. Halijoto hiyo haipo kabisa kwenye jedwali. Vilele vya namna hiyo ndivyo dalili ya radi zenye nguvu zaidi, na ndivyo ambavyo mtu aliye ndani ya mtumbwi angependa vitambuliwe mapema. Picha za setilaiti mbili huvionyesha vizuri, kwa kuwa ni vinundu vyenye kingo kali vinavyotupa kivuli jua linapoinama.

Aprili, wiki ya nne

Tumeanza kutumia vipimo vya EarthCARE kama hakimu wa nje. Setilaiti hii ya Ulaya na Japani, iliyorushwa tarehe 28 Mei 2024, imebeba rada ya mawingu ya gigahezi 94 inayopima pia mwendo wa matone kwenda juu na chini, pamoja na lida, kifaa kinachopima kwa miale ya leza, ya nanomita 355, kamera ya chaneli nyingi na kifaa cha kupima mionzi. Rada na lida za kizazi kilichotangulia, zilizokuwa kwenye CloudSat na CALIPSO tangu mwaka 2006, zilimaliza kazi mwaka 2023, na bila EarthCARE tungekosa kipimo cha moja kwa moja cha tabaka za ndani ya wingu.

Mipaka yake inajulikana. EarthCARE hupita ikichora mstari mwembamba, hulivuka ziwa lote kwa muda usiofika dakika moja, na mstari huohuo hurudiwa baada ya siku 25. Haiwezi kulinda wavuvi wa usiku wowote ule. Kazi yake kwetu ni kuonyesha iwapo Meteosat zetu zimesema kweli katika mstari huo, na kwa mawingu manene ya masika jibu lake limeunga mkono vimo vya setilaiti mbili zaidi ya vile vya halijoto, hasa kwenye kingo za vichwa vya barafu. Kwa mawingu mafupi yasiyozidi kilomita tatu bado haijatusaidia sana, kwa kuwa karibu na uso wa maji mwangwi wa ziwa lenyewe huichafua ishara ya rada.

Mei, wiki ya tatu

Mvua zimepungua na tumeweza kufunga kamera mbili za anga zenye lenzi pana, moja juu ya paa Capri Point na nyingine upande wa Bugando, takriban kilomita mbili kutoka ya kwanza. Lengo ni kupata kimo cha kitako cha wingu, ambacho setilaiti haikioni. Hesabu yake ni ileile ya setilaiti, ila sasa tunatazama kutoka chini: wingu lililo wima juu ya kamera moja kwa kimo cha mita 1,000 linaonekana na kamera ya pili likiwa digrii 63 kutoka utosini, na kadiri wingu linavyokuwa juu zaidi ndivyo pembe hiyo inavyopungua.

Kwa kuhakiki, tunatumia kanuni ya zamani ya umande: tofauti kati ya halijoto ya hewa na halijoto ya umande, ile ambayo mvuke huanza kuwa matone, ikizidishwa kwa mita 125, inatoa kimo ambacho hewa inayopanda itaanza kuwa wingu. Hewa ya digrii 27 yenye umande wa digrii 19 inatoa mita 1,000 juu ya ufuko, sawa na mita 2,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mawingu ya mchana yanayozaliwa juu ya vilima vya mji kanuni hii inakubaliana vizuri na kamera. Kwa mawingu yanayoletwa na upepo wa ziwani hailingani kila mara, kwa sababu hewa iliyoyazaa haikutoka mahali kilipofungwa kipimajoto chetu.

Jambo moja la hapa kwetu linastahili kuandikwa kwa kirefu. Wadudu wadogo wa ziwani, ambao mabuu yao huishi kwenye tope la chini ya maji, hupaa kwa makundi makubwa mno yanayosimama juu ya ziwa kama nguzo za moshi. Huwa wengi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Kamera zetu zinapoliona kundi hilo kwa mbali, programu hulihesabu kuwa ni kitako cheusi cha wingu la mvua, na rada za hali ya hewa nazo hupata mwangwi kutoka kwenye makundi ya wadudu. Tumeweka sharti la kuyatenga: kundi la wadudu huanzia kwenye uso wa maji na kwenda juu, hesabu ya kamera mbili hulipatia kimo cha chini kuliko kitako cha wingu lolote la saa hiyo, na setilaiti haionyeshi weupe wowote mahali hapo. Masharti yote matatu yakitimia, pikseli hizo huondolewa.

Wadudu haohao ndio adui wa usafi wa vifaa. Piranomita, chombo cha kupima mwanga wote wa jua unaofika chini, ina kuba la kioo lisilozidi kiganja, na asubuhi baada ya usiku wa wadudu kuba hilo huwa limebandikwa mabawa mamia na vumbi juu yake. Linafutwa kwa kitambaa laini na maji safi kabla jua halijapanda, na saa ya kufuta huandikwa kwenye daftari, kwa sababu kushuka kwa kipimo kunakosababishwa na uchafu kunafanana mno na kushuka kunakosababishwa na wingu jembamba.

Juni, wiki ya kwanza hadi ya tatu

Sasa tumefika kwenye kingo, na hapa ndipo ninapoona kiini cha mradi. Njia inayotumika duniani kupata unene wa optiki na ukubwa wa matone ilielezwa kwa ukamilifu na Teruyuki Nakajima na Michael King mwaka 1990: chaneli moja ambayo maji hayainyonyi hutoa unene wa optiki, na chaneli nyingine ambayo maji huinyonya kidogo, kama ile ya maikromita 1.6, 2.2 au 3.8, hutoa ukubwa wa matone, kwa kuwa tone kubwa hunyonya zaidi na kurudisha mwanga mdogo. Njia hiyo inadhani kwamba pikseli imejaa wingu la sare, lililotandazwa bila mwisho. Mawingu ya asubuhi ya kiangazi hapa Mwanza ni vipande vidogo vilivyotawanyika, vingine visivyofika mita 500 kwa upana.

Tuangalie pikseli ambayo nusu yake ina wingu la unene wa optiki 20 na nusu nyingine ni maji meusi. Kwa kanuni rahisi ya mikondo miwili ya mwanga, sehemu yenye wingu inarudisha asilimia 60 ya mwanga, na pikseli nzima inarudisha asilimia 30. Programu inayodhani kuwa pikseli imejaa hutafsiri asilimia 30 hiyo kuwa unene wa optiki wa karibu 5.7, wakati wastani wa kweli ni 10 na wingu lenyewe lina 20. Jibu hilo si la wingu wala si la wastani. Papo hapo, giza la maji katika chaneli ya maikromita 2.2 hufasiriwa kuwa ni unyonyaji wa matone makubwa, na matone hukuzwa kupita ukweli. Kwa namna hiyo pikseli moja iliyojaa nusu hutoa wingu jembamba lenye matone makubwa, yaani wingu linaloonekana kukaribia kunyesha, mahali ambapo hakuna dalili yoyote ya mvua.

Dawa tunayoijaribu inategemea picha za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10, ambazo hupita juu yetu kati ya saa tano na saa tano na nusu asubuhi. Ndani ya kilomita moja ya mraba kuna pikseli 10,000 za namna hiyo, na kwa kuzihesabu tunapata sehemu ya kweli iliyofunikwa na wingu. Tunaioanisha na picha ya Meteosat-12 ya dakika hiyohiyo, baada ya kuirekebisha paralaksi, na kutafuta uhusiano kati ya tofauti za mwangaza za chaneli za nusu kilomita ndani ya pikseli na sehemu iliyofunikwa. Bila hesabu za mahali tulizofanya Machi, uoanishaji huu usingewezekana, maana hata mawingu mafupi ya kilomita tatu husogezwa kilomita 2.4 na kuangukia pikseli za jirani.

Sentinel-2 imetupa faida nyingine, nayo ni vivuli. Umbali kati ya wingu na kivuli chake juu ya maji, ukijua pembe ya jua, ni kimo cha wingu, na tumeutumia kuhakiki kamera zetu pale mbingu zilipokuwa wazi kiasi cha kutosha.

Magugu maji yameleta utata wa aina yake. Juu ya maji, programu nyingi hutumia chaneli ya maikromita 0.86 kwa sababu maji safi huwa meusi sana hapo. Mimea ya kijani, kinyume chake, hung'aa katika chaneli hiyo. Mkeka wa magugu unaoelea kwenye ghuba unasomwa kuwa wingu jembamba, na kwa kuwa mkeka huo husukumwa na upepo kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, ramani isiyobadilika haiwezi kuutenga. Wingu hung'aa katika 0.64 na 0.86 kwa kiasi kinachokaribiana, ilhali magugu hung'aa katika 0.86 pekee, na jaribio hilo la uwiano limewekwa sasa mbele ya majaribio mengine yote ya pikseli za ziwa zilizo karibu na ufuko.

Julai, wiki ya pili

Moshi wa kuchoma mashamba na misitu umeanza kufunika upeo wa kusini. Moshi ukikaa juu ya wingu hunyonya mwanga na kulifanya lionekane jembamba kuliko lilivyo. Kwa ukubwa wa matone tumepata msaada wa setilaiti ya PACE, iliyorushwa Februari 2024, ambayo vifaa vyake viwili hupima mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Matone ya maji hutengeneza upinde katika mwanga wa namna hiyo, na nafasi ya mistari ya upinde huo hutegemea ukubwa wa matone peke yake, bila kuyumbishwa sana na pikseli zilizojaa nusu. Mapito yake juu ya eneo letu ni machache, ila yanatosha kutuonyesha upande ambao njia ya chaneli mbili inaegemea.

Kiasi cha maji tunakihesabu kutokana na vipimo hivyo viwili. Wingu la unene wa optiki 12 lenye matone ya nusukipenyo cha maikromita 10 lina gramu 80 za maji kwa kila mita ya mraba iwapo matone yake ni sawa kutoka kitako hadi kilele, na gramu 67 hivi iwapo matone yanakua kadiri hewa inavyopanda, kama yanavyofanya katika mawingu halisi. Tumechagua hesabu ya pili. Alama ya maikromita 14, ambayo kuizidi huashiria kwamba wingu linaelekea kutengeneza mvua, tutaitumia kwa pikseli zilizothibitika kuwa zimejaa tu.

Agosti, wiki ya kwanza na ya pili

Usiku chaneli za mwanga wa jua hazipo, na ndio wakati ambao ziwa linahitaji kuangaliwa zaidi. Mawingu mafupi ya usiku yana halijoto inayokaribiana na ya maji, ambayo ni kama digrii 25, na katika chaneli ya maikromita 10.5 hupotea. Tofauti kati ya chaneli ya 3.8 na ya 10.5 husaidia, kwa sababu matone ya maji hutoa mionzi kidogo zaidi katika 3.8, na wingu la matone huonekana baridi zaidi hapo.

Ushahidi mwingine tumeupata kwa wavuvi. Kifaa cha VIIRS, kilichopo kwenye setilaiti ya Marekani ya Suomi NPP tangu 2011 na kwenye NOAA-20 na NOAA-21, kina chaneli ya usiku yenye pikseli za mita 750 inayoona mwanga hafifu sana, na hupita karibu saa nane na robo usiku. Usiku wa giza, ziwa limejaa taa za mitumbwi ya dagaa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na sola. Mbingu zikiwa safi kila taa, au kila kundi la taa, ni doa kali. Wingu jembamba hulitanua doa hilo, na wingu nene hulifuta. Mitumbwi haikai mahali pamoja, kwa hiyo hatuwezi kutumia orodha ya taa kama inavyofanyika kwa taa za miji, na badala yake tunapima ukali wa kingo za madoa.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, ambaye tulikwenda kumwamkia na kumweleza kazi yetu, alitukumbusha kwamba wakati wa mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Kauli hiyo imepanga ratiba yetu ya mwezi mzima. Siku za giza tunatumia taa za wavuvi zinazoangaza kutoka chini, na siku za mbalamwezi tunatumia mwanga wa mwezi unaorudishwa na kilele cha wingu, ambao VIIRS huupima kwa utaratibu uleule wa mchana. Mzee huyo pia amekubali manahodha wake watueleze, kila wanaporudi, kama nyota zilionekana na mvua ilianza upande gani wa ziwa. Maelezo hayo yanaingizwa kwenye jedwali pamoja na vipimo vingine, yakiwa na saa na eneo.

Septemba, wiki ya nne

Mwishoni mwa Septemba, kama ilivyo katikati ya Machi, jua la mchana hupita utosini mwa Mwanza, na mng'ao wa jua juu ya maji huja kwenye macho ya setilaiti moja kwa moja. Kwa Meteosat-12, iliyo magharibi, mng'ao hutokea jua likiwa bado mashariki, karibu na saa nne na robo asubuhi. Kwa Meteosat-9 hutokea baada ya jua kupita utosini, karibu saa nane kasoro dakika ishirini. Ziwa tulivu hung'aa kiasi cha kuonekana kama limetandwa na wingu zito, na programu za MODIS, kifaa cha setilaiti za Marekani, kwa mfano, huziwekea tahadhari pikseli zote ambazo pembe ya mng'ao iko chini ya digrii 36. Sisi tunaweza kufanya zaidi ya tahadhari, kwa kuwa setilaiti zetu mbili hazipofushwi kwa wakati mmoja. Katika saa ya mng'ao wa moja, uamuzi wa kuwepo kwa wingu unahamishiwa kwa nyingine, na chaneli za infraredi za zote mbili hubaki kuwa mashahidi.

Mpangilio wa programu sasa umekamilika kwa hatua hizi kufuatana: kurekebisha saa, paralaksi na kimo, kutenga magugu na mng'ao, kukadiria sehemu ya pikseli iliyojaa, na mwisho unene wa optiki na matone. Pikseli inayoshindwa hatua yoyote haipelekwi mbele; inaandikiwa sababu iliyoisimamisha, ili anayetumia ramani ajue kwamba mahali hapo hakuna jibu.

Mvua za vuli zitaanza wakati wowote kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo kamera ya tatu itafungwa Nansio, Ukerewe, kwa sababu Capri Point na Bugando haziwezi kuona mawingu yanayozaliwa kaskazini ya kisiwa, na ramani za saa za usiku zitaanza kupelekwa Mwaloni kabla mitumbwi haijatoka, zikiwa na alama ya wazi katika kila eneo ambalo kimo cha wingu kimethibitishwa na setilaiti zote mbili.